De Villepin si hotuba ile tu

Mwandishi, nusu ya makala umemsifu Dominique de Villepin, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, kwa hotuba ya Februari 14, 2003 kupinga vita vya Iraq, na sikulaumu. Hata mimi bado namwona: nywele za mvi zimerudishwa nyuma, sauti imetulia, analiambia Baraza la Usalama kwamba anatoka nchi kongwe, Ufaransa, ya bara kongwe. Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kakaa palepale anasikiliza. Alipomaliza yakapigwa makofi, tena katika ukumbi ambao si wa makofi.

Lakini mbona 2006 umeiruka? Akiwa Waziri Mkuu alileta mkataba wa ajira, ule wa CPE: kijana wa chini ya miaka 26 angeweza kuachishwa kazi ndani ya miaka miwili ya mwanzo bila kuelezwa sababu. Bungeni akaupitisha kwa kifungu cha 49.3 cha katiba, yaani bila kuupigia kura. Wanafunzi wakafurika barabarani, vyama vya wafanyakazi vikaungana nao, na ilipofika Aprili serikali ikanywea.

Jamaa hajawahi kuchaguliwa na wananchi, hata udiwani! Alitoka ubalozini, Washington na New Delhi, akaingia Élysée, ikulu ya Ufaransa, kwa mkono wa Rais Chirac, akapanda. New York aliiweza. Mtaa wa Paris ukamshinda.

Halafu kesi ya Clearstream, ile aliyodaiwa kushiriki njama ya kumchafua Sarkozy kwa orodha bandia ya akaunti za benki, mmeitaja nusunusu. Mahakama ilimwachia huru 2010, na rufaa 2011 ikasema hivyohivyo. Andikeni na hilo.