Thimlich Ohinga: Sheria Imelinda Ukuta, Imemsahau Jirani

Kila panapozungumzwa kuhusu urithi wa kale hapa magharibi mwa Kenya, lawama humwangukia mtu mmoja: mkulima aliyechukua mawe ya boma la wahenga akajengea msingi wa nyumba au zizi la ng'ombe. Wanaomlaumu hutaka sheria iongezwe makali. Hoja yao ina uzito, lakini naamini mkulima huyu hajasikilizwa vya kutosha, na asiposikilizwa, makali hayo hayataokoa mengi.

Mfano ulio wazi ni Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Serikali ilipatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya kitaifa mwaka wa 1981, na mwaka wa 2018 UNESCO ikapaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zimepangwa kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yanayozishikanisha. Hapo ndipo hoja ya wanaotaka ulinzi mkali inapopata nguvu. Ukuta wa namna hii hushikwa na mpangilio wake tu; ukiondoa jiwe la juu ya mlango, sehemu nzima hulegea, na hata mawe yakirudishwa, ushahidi wa mikono iliyoyapanga umekwisha potea. Barabara inaweza kupindishwa, na mgodi wa dhahabu, ambao huko Nyatike, sehemu ya Migori yaliko maboma haya, si jambo la kufikirika, unaweza kusubiri. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inampa ofisa uwezo wa kuzuia jembe na tingatinga kabla ya hasara, na sioni nani mwenye nia njema angetaka uwezo huo uondolewe.

Lakini tazama hesabu. Katika eneo la Ziwa Victoria zimeorodheshwa sehemu 138 zenye majengo ya mawe ya aina hii, jumla yake majengo 521. Thimlich Ohinga ndiyo kubwa zaidi na ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko zote, nayo ni moja kati ya hizo 138. Zimebaki 137. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu mijadala yetu huendeshwa kana kwamba haipo: tunasherehekea hekta 21 zilizoingia katika orodha ya dunia, kisha tunashangaa kuta zinapotoweka nje ya hekta hizo. Hakuna bajeti ya Makavazi ya Kitaifa, ya sasa wala ya kesho, itakayoweka askari kwenye kila moja ya sehemu hizo. Boma likiwa ndani ya shamba la mtu, mlinzi aliyepo ni mwenye shamba. Akilibomoa, limekwenda, akiliacha, limebaki. Basi lile linalosimama leo katikati ya mahindi na mtama linasimama kwa kuwa familia fulani, bila mshahara wala barua ya shukrani, msimu baada ya msimu imechagua kulima kando yake.

Tena kuta hizi hazikudumu kwa kuachwa peke yake. Utamaduni wa kuishi ndani ya maboma ya mawe uliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia, ikaishi na kurekebisha palipobomoka. Jirani alikuwa fundi. Sheria inayomjia na orodha ya makatazo pekee humfanya mtuhumiwa.

Katiba ya 2010 inautambua utamaduni, katika kifungu cha 11, kuwa msingi wa taifa, na katika kifungu cha 40 inalinda haki ya mtu kumiliki mali. Vifungu hivi viwili vinakutana ndani ya shamba la mtu mwenye hati miliki, na gharama ya kuvipatanisha huachiwa yeye: ni kipande chake kisicholimwa, ni nyumba ya mwanawe isiyojengwa pale. Husemwa kwamba utalii utamfidia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kiingilio hulipwa penye lango, na maboma yaliyo mashambani hayana lango.

Hata kipimo cha kimataifa hakimwoni. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka wa 2015, katika shabaha ya 11.4, yanazitaka nchi ziimarishe juhudi za kulinda urithi, lakini kinachopimwa ni fedha zilizotumika kwa kila mtu. Familia iliyonusuru ukuta kwa kutougusa haikutumia shilingi, kwa hiyo haimo katika takwimu.

Njia ya kisheria ipo. Sheria hiyo ya 2006 inaruhusu makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi kuhusu utunzaji. Katiba nayo imeiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu zenye umuhimu wa kitaifa, na shughuli za utamaduni imezipa kaunti, hivyo Bunge la Kaunti ya Migori lina nafasi ya kuyashughulikia maboma ambayo hayajatangazwa. Wapo wanaohofia kwamba kumlipa mtu ili asibomoe ni kumfundisha kutishia kubomoa. Hofu hiyo ingefaa kama malipo yangetolewa kwa tishio. Yakitolewa kwa kazi, yaani kufyeka vichaka, kuzuia mifugo isipande kuta na kutoa taarifa sehemu inapolegea, huo ni ujira kama mwingine wowote. Katika makubaliano hayo ningependa liwemo hata jambo dogo kama lori la mawe ya machimbo kwa familia inayojenga, maana anayehitaji msingi wa nyumba kabla ya mvua za masika hawezi kungoja tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.