Mwacheni Mwoga Acheze

Nairobi kuna watu ambao matatu huwapitisha stejini kwao kwa sababu hawawezi kusema "shukisha". Nauli wamelipa, kituo wanakijua, lakini kupaza sauti mbele ya abiria wasiowajua kunawashinda. Mmoja ninayemfahamu anakaa Kangemi. Siku asipopata mwenzake wa kushuka naye, hupelekwa mpaka Uthiru, akashuka nyuma ya abiria mwingine, kisha akarudi kwa miguu kandokando ya Waiyaki Way. Tulijuana kwenye tiba ya kikundi. Wake ulikuwa ugonjwa wa matatu, wangu wa simu na mikutano ya ofisi, lakini mzizi ni mmoja: hofu ya watu. Ameniruhusu nimwandike mradi nisimtaje.

Nikiwaambia watu kwamba tiba yenyewe ilikuwa michezo ya kuigiza papo kwa papo, wananicheka. Watu wazima walipe pesa waende kurushiana mpira usioonekana? Nami nasema ndiyo, walipe, na wengi zaidi wangelipa kama wangejua hofu hii inavyofanya kazi.

Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells waliieleza vizuri. Mwenye hofu ya watu akiingia mahali, anaacha kuwatazama waliopo, anajitazama yeye. Anajiona vile anavyodhani wanamwona: kwapa limelowa, sauti inatetemeka, mkono haujui pa kukaa. Ili ajiokoe ana vijimbinu vyake. Atakaa karibu na mlango, atashika simu asiyoisoma, na sentensi ataipanga kichwani mara tatu kabla ya kuitoa. Siku ikipita salama, sifa zote zinaenda kwa vijimbinu. Hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba hata bila hivyo hakuna ambaye angemla.

Sasa mtu huyo umweke kwenye duara, kila mmoja aongeze neno moja tu kwenye hadithi. Wa kwanza anasema "Fisi", wa pili "alikopa", wa tatu "sufuria". Atapanga nini, na neno linalomfikia hajui litakuwa lipi? Lazima asikilize. Akisikiliza, macho yameacha kujitazama yeye, yameenda kwa wenzake, na hapo ndipo hofu inaanza kukosa chakula. Kuigiza papo kwa papo kunakunyima muda wa kujichunga, na muda huo ndio uliokuwa ukikuumiza.

Wala si jambo la jana. Daktari Jacob Moreno alikuwa na jukwaa la maigizo yasiyoandikwa kule Vienna miaka ya 1920, akahamia Marekani na kulifanya tawi zima la tiba. Viola Spolin, mwalimu wa maigizo, naye alibuni michezo yake mjini Chicago akifanya kazi na watoto wa mitaa ya wahamiaji, ambao kila nyumba ilikuwa na lugha yake. Aliona kwamba ukimwambia mtoto "igiza" anakakamaa, ila ukimpa mchezo wenye kanuni na tatizo la kutatua, anasahau kwamba anatazamwa. Ukilelewa Eastlands, kwenye ploti yenye lugha sita na bomba moja la maji, huhitaji kuelezwa zaidi. Michezo yetu ya utotoni, kati, brikicho na kalongolongo, ilitufanyia kazi hiyo kabla hatujajua ni kazi.

Kisha shule ikatuharibu. Ukishrabu Kiingereza darasani, yaani ukikitamka kwa lafudhi ya lugha ya kwenu, darasa zima linaangua kicheko na mwalimu naye anatabasamu. Wengine wetu hatukuinua mkono tena tangu siku hiyo. Nyumbani tukasifiwa kuwa tuna heshima, hatuna maneno mengi. (Kanisani napo: "Wageni wasimame watusalimie." Nawajua watu waliobadili kanisa kwa sababu ya sentensi hiyo.)

Basi turudi kwa wa Kangemi. Mshauri wetu, mama mmoja mpole kwa sura na mkali kwa saa, alipanga viti vya plastiki mstari kwa mstari, akawa dereva. Mmoja wetu akajifanya makanga, mwingine akawa redio, anapiga mdundo kwa mdomo bila huruma. Rafiki yangu akawekwa kiti cha nyuma kabisa. Raundi ya kwanza alisema "shukisha" kwa sauti ya kumwambia mtu siri. Makanga akasikia, akakataa kusikia: "Mkubwa, umesema aje? Hii gari ni ya Kikuyu moja kwa moja!" Tukampitisha Kangemi, Uthiru, Kinoo, abiria tukimwonyesha mandhari dirishani. Alicheka kwanza, ndipo sauti ikatoka.

Raundi iliyofuata mshauri akambana: omba kushuka kwa kuimba. Ikaja nyingine: omba ushukishwe mahali pasipo na steji, na makanga akikataa, bishana naye. Pale nilimwona mtu mwingine. Alidai ashukishwe kwa shangazi yake aliyempikia githeri, akataja na rangi ya geti. Makanga, kwa kuwa kanuni yetu ilikuwa kukubali alichosema mwenzako na kuongezea, akajibu, "Sawa, lakini tunashuka gari nzima, tuna njaa." Aliyeogopa kuwasumbua abiria akawa amewaalika wote chakula.

Wiki iliyofuata alipewa kazi ya kupanda matatu ya kweli na kusema neno moja bila kulifanyia mazoezi kichwani. Akasema. Aliniambia kilichomshangaza ni kwamba hakuna hata aliyegeuka.

Kuna wanaoniuliza kwa nini mwoga asipelekwe tu kwenye mchongoano mtaani, ule mchezo wa kutupiana maneno ya mzaha, akomae. Naupenda mchongoano, na kwa wepesi wa akili sioni mchezo unaoushinda hapa mjini. Lakini lazima mmoja abaki bila jibu, na huyo ndiye kicheko cha jioni. Mwenye hofu ya watu keshacheza mchezo huo miaka yote kichwani mwake, na kila mara anashindwa yeye. Kwenye kikundi chetu aliyekosea aliinua mikono juu akatangaza, "Nimekosea!" tukampigia makofi. Mwanzoni niliona ni utoto mtupu. Baada ya muda mwili unaanza kuamini.

Kwa sababu hiyo sizitaki zile siku za kampuni kupelekana Naivasha kucheza kwa amri, bosi akitazama na simu inarekodi. Anayeogopa kupimwa unampeleka mbele ya anayempima, halafu unasema ni kumchangamsha. Mchezo wa tiba una mlango: unaweza kusema "leo napita" na hakuna anayekuuliza. Pia kuna mtu anayejua kwa nini mchezo huu umekuja leo na si ule, na anayejua kuusimamisha mtu akianza kulia.

Ushahidi upo, ingawa si mlima. Detroit, watafiti waliwapima wanafunzi wa shule za umma kabla na baada ya mafunzo ya kuigiza papo kwa papo, wakaona hofu imepungua. Tiba ya kawaida ya kubadili fikra na mwenendo ina utafiti mwingi zaidi, na mimi ningeiweka michezo ndani yake badala ya kuishindanisha nayo. Mwenye huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru aanzie kwa daktari, michezo itamngoja.

Kinachoniudhi ni bei. Kumwona mshauri peke yako ni pesa ambayo kijana wa kibarua hana. Kikundi cha watu kumi kinagawana gharama, na hakihitaji mashine yoyote, chumba tu na viti. Kaunti ina kumbi za jamii, Kaloleni na Pumwani zikiwemo, zilizojengwa ili watu wakutane. Ningeanza na jioni moja ya katikati ya wiki, mshauri alipwe na kaunti, na tangazo libandikwe stejini, pale pale wanapopitishwa.