Koti la Mvuvi na Kanga ya Bibi

Kwa miaka sita sasa ninauza nguo katika duka dogo kaskazini mashariki mwa Uingereza, na kila nirudipo Bagamoyo huulizwa swali lile lile: watu wa huko wanawezaje kutoa bei ya mbuzi watatu kwa koti moja? Huwajibu kwamba hawanunui koti peke yake, bali na nasaba yake.

Mwenye duka alianzia kwenye meza moja ya gulioni, akiuza makoti makuukuu ya mabaharia, akabaini kuwa mteja anayesimuliwa koti limetoka wapi haondoki upesi. Ndiyo maana hadi leo mfanyakazi mgeni hufundishwa asili ya nguo kabla ya bei. Nilikaririshwa kwamba John Barbour alifungua biashara yake South Shields mwaka 1894, akiwauzia mabaharia, wavuvi na makuli wa bandari nguo za kitambaa kilichopakwa mafuta ili maji yasipenye. Na kwamba Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1873 ya kukaza pembe za mifuko ya suruali kwa vipande vya shaba, kwa kuwa mifuko ya vibarua ilikuwa ikichanika. Nguo zinazoninginia kwa madaha chini ya taa zetu zilikuwa nguo za watu wa jasho.

Sisi watu wa Bagamoyo tungeweza kusimulia zaidi ya hayo. Misafara iliyotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ilibeba majora ya merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa Massachusetts, pamoja na kaniki ya India. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya safari, na ndivyo vilivyolipia hongo kwa machifu, enzi ambazo hongo ilikuwa ushuru wa njia na si jambo la kufanywa kwa siri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, merikani iliadimika hata huku kwetu.

Sandukuni mwa bibi yangu imo kanga iliyokwajuka, bado inanukia udi, yenye chapa ya Mali ya Abdulla, biashara iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak. Nilipokwenda dukani kutafuta mwenziwe, muuzaji aliniuliza neno moja tu: doti ngapi?

Sisemi kwamba ughaibuni wametushinda kwa kila jambo. Mkono wa koti ukichanika kule, hupelekwa kiwandani kwa posta na mwenyewe husubiri wiki kadhaa, ilhali fundi wetu wa barazani huumaliza kabla ya adhuhuri, tena kwa maneno ya utani juu.

Mwaka jana, kwenye mitumba, nililikuta koti lile lile tunalouza, nta yake ya kuzuia maji imekauka mabegani, limetundikwa kati ya majaketi ya mvua.

“Chukua kaka, la bodaboda hilo, elfu nane,” kijana aliniambia.

Nikamweleza kwamba asili yake lilikuwa vazi la mabaharia na wavuvi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alilishusha, akaligeuza, akaisoma lebo kwa makini, kisha akalitundika tena.

“Basi elfu kumi na tano.”