Kurasa bila LIMIT: kuhesabu upya au kushika alama?

Bado ziko ofisi Mwanza zinazotunza kumbukumbu kwenye hifadhidata ya Access, au kwenye Oracle na SQL Server za zamani ambazo hakuna mwenye bajeti ya kuzihamisha. Mwandika programu aliyezoea MySQL au PostgreSQL akikabidhiwa mfumo wa namna hiyo, anatafuta LIMIT na OFFSET za kugawa rekodi kwa kurasa (ya kwanza inasema ngapi zitolewe, ya pili ngapi zirukwe), hazioni, kisha anaanza kuziiga. Anahangaika mpaka apate namna ya kuiambia hifadhidata “nipe rekodi ya 501 hadi ya 550”, na akiipata anaona kazi imekwisha. Njia ya pili, ya kuendelea kutoka kwenye rekodi ya mwisho iliyoonekana, inachukuliwa kuwa ya mtu aliyekosa OFFSET. Haistahili sifa hiyo.

Kuiga kwenyewe kuna mitego. Oracle kabla ya 12c ya mwaka 2013 inakupa ROWNUM, yaani namba ya mstari, na namba hiyo hutolewa rekodi inapopita kwenye WHERE, yaani kichujio, kabla ORDER BY haijapanga chochote. Ukiandika WHERE ROWNUM > 50 hupati kitu: rekodi ya kwanza inapewa 1 na kukataliwa, inayofuata nayo inapewa 1 ileile na kukataliwa, hivyo hivyo mpaka jedwali linaisha. Ndiyo maana zinahitajika kwiri (maombi kwa hifadhidata) tatu, moja ndani ya nyingine: ya ndani ipange, ya kati itoe namba na kukomea 550, ya nje itupe zote zilizo chini ya 501.

Access ina TOP tu, inayotoa rekodi kadhaa za mwanzo, na TOP yake haikati rekodi zinazofungana (zenye thamani sawa) mwishoni. Ukiomba 50 kwa kupanga tarehe peke yake unaweza kuletewa 63. Wengi hutumia mbinu ya kupindua: TOP 550 kwa mpangilio wa kupanda, kutoka kwenye hizo TOP 50 kwa kushuka, halafu kupanga upya. Mbinu hiyo inaharibika kwenye ukurasa wa mwisho. Jedwali likiwa na rekodi 1,020, ukurasa wa 21 unatakiwa kuwa na rekodi 20 tu, lakini TOP 50 ya kushuka inachota 971 hadi 1,020, na mtumiaji anaona tena rekodi 30 alizokwisha kuziona ukurasa wa 20. Inabidi uhesabu jumla kwanza, kisha uombe 20. SQL Server 2000 ina tabu hiyo hiyo. ROW_NUMBER(), inayozipa namba rekodi zilizopangwa, iliiondoa toleo la 2005, na OFFSET ikaja 2012.

Tukubali sasa kwamba mitego yote imerukwa, au ofisi imepata fedha na kununua toleo jipya. Kasoro kubwa bado ipo, na haiko kwenye lugha ya hifadhidata. Iko kwenye kuhesabu. Injini haina njia ya kuijua rekodi ya 200,000 bila kupita zile 199,999 zilizotangulia. Chukua jedwali la mapokezi la rekodi 200,000, kurasa 4,000 za rekodi 50. Ukurasa wa kwanza unasoma 50, wa pili 100, wa tatu 150, wa mwisho 200,000. Programu inayopita kurasa zote, mathalani kuhamisha taarifa kwenda mfumo mwingine, itakuwa imesoma rekodi 400,100,000 ili kutoa 200,000. Hapo indeksi (orodha iliyopangwa tayari ya kutafutia rekodi) ipo na inafanya kazi. Isipokuwepo, kila ukurasa unaweza kuanza kwa kupanga jedwali zima upya. Mfumo ukijaribiwa kwa rekodi 500 hauoneshi dalili yoyote; mwaka wa tatu ndipo watu wanapoanza kulaumu seva.

Kasi, hata hivyo, si jambo zito kuliko yote. Fikiria ghala la dagaa Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mapokezi hayaji kwa usawa: mbalamwezi ikiwa kali mizani inapumzika, na giza likirudi magunia yanapangana. Karani anakagua stakabadhi kwenye skrini, mpya zikiwa juu, 50 kwa ukurasa. Akiwa bado kwenye ukurasa wa kwanza, mizani inaingiza tatu mpya. Akibonyeza “Mbele”, ukurasa wa pili unaanza na tatu zile zile alizozimalizia wa kwanza. Hilo ataliona, atakereka, ataendelea. Sasa geuza: badala ya mpya kuingia, msimamizi amefuta moja iliyokosewa, nayo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Iliyokuwa ya 51 imekuwa ya 50. Karani akienda mbele anaanza na iliyokuwa ya 52, na ile moja hakuiona popote. Hakuna ujumbe wa kosa. Jumla ya aliyoyakagua haitakubaliana na jumla ya ghala, na anayedaiwa maelezo ni karani, wakati iliyomkosesha stakabadhi hiyo ni kwiri.

Mtu anayehesabu magunia hurudi mlangoni kuanza moja kila akisimama? Hupiga chaki gunia la mwisho. Kwiri nayo inaweza: badala ya kusema “ruka 50”, inasema “anzia baada ya hii”. Panga kwa wakati na kwa namba ya stakabadhi, zote kwa kushuka, na ukumbuke thamani hizo mbili za rekodi ya mwisho, tuziite T na N. Ukurasa unaofuata ni WHERE wakati <= T AND (wakati < T OR namba < N). Sehemu ya kwanza inaonekana ya ziada, lakini inaisaidia injini kuingia kwenye indeksi bila kuchanganywa na OR. Weka indeksi moja yenye kolamu zote mbili kwa mpangilio huo. Ukiacha namba na kutumia wakati < T peke yake, utapoteza stakabadhi zote zilizobaki za dakika ile ile, na alfajiri ya giza dakika moja hubeba nyingi. Kolamu ya wakati isiruhusu NULL, yaani kuachwa tupu, maana rekodi yenye NULL haipiti ulinganisho wowote.

Pasipo LIMIT wala TOP, fungua kasa (cursor, kielekezi kinachosoma rekodi moja moja) ya kusoma mbele tu, soma rekodi 51, funga. Ile ya 51 haioneshwi; inakuambia kama kitufe cha “Mbele” kibaki. Hakikisha tu dereva, yaani kiunganishi cha programu na hifadhidata, haivuti majibu yote kwanza: ile ya MySQL kwa programu za Java (JDBC) hufanya hivyo usipoizuia. Na kwa ofisi iliyoko Nansio, kisiwani Ukerewe, inayosoma seva ya Mwanza mjini, faida ni ya kila siku: mtandao ukikatika hakuna kilichoachwa wazi kwenye seva, kwani ombi linalofuata limebeba T na N yake lenyewe.

Wanaotetea namba za kurasa wana hoja. Njia ya alama haikupeleki ukurasa wa 37 moja kwa moja, na kurudi nyuma kunadai ugeuze ulinganisho na mpangilio, kisha upindue zile 50 ndani ya programu. Ukipanga kwa kolamu inayobadilika, kama salio, rekodi itaruka alama na kupotea vilevile. Orodha ya wateja 800 haihitaji lolote kati ya haya, ROWNUM inatosha. Na mkaguzi anayeandika “angalia ukurasa wa 12” ana haki ya kuukuta ukurasa huo kesho ukiwa na yale yale.

Lakini OFFSET haimpi mkaguzi haki hiyo. Kinachompa ni jedwali la muda: nakili funguo zote za ripoti mara moja, zikiwa zimepangwa na kupewa namba 1 hadi mwisho, kisha ukurasa wa 12 uwe BETWEEN 551 AND 600 ukiunganishwa na jedwali kuu. Linafanya kazi kwenye hifadhidata yoyote, hata kongwe. Liwekewe namba ya ripoti na tarehe, na kazi ya usiku iyafute yaliyopitwa na wakati. Kwenye Access faili lisipofanyiwa Compact (kubanwa upya) halipungui hata baada ya kufuta, na ukomo wake ni gigabaiti 2.