Jumba la Kigothi Nyuma ya Geti la Nairobi

Riwaya ya kigothi inajulikana kwa vitu vichache: jumba lililojitenga, msichana mgeni anayeingia humo bila mali wala ndugu wa kumtetea, na siri ambayo wenyeji wanaifungia mlango. Je, mwandishi wa Kiswahili wa Nairobi aiandike, au awaachie Waingereza walioianzisha mwaka 1764? Mimi nasema aiandike, ila wanaokataa wana hoja nzito.

Wanaanza na mazingira. Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu takriban milioni 4.4. Kule mtaa wa Pipeline ghorofa zimebanana hadi jirani anajua umepika nini, na ukipiga mayowe ploti nzima inatoka. Isitoshe, kila mtu ana simu. Huo upweke utatoka wapi?

Utatoka Karen, Runda na Muthaiga, mitaa ya matajiri. Huko kuna ua wa kayaba, nyaya za umeme juu yake, geti la chuma, na mlinzi aliyeagizwa asimfungulie mtu. Msichana wa kazi aliyeletwa kutoka Kitui au Vihiga anaweza kusikia magari barabarani usiku kucha na bado asiwe na pa kukimbilia, hasa ikiwa kitambulisho chake kimewekwa na mwajiri. Hata Jane Eyre, katika riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, ni mwajiriwa tu. Anasikia kicheko cha kutisha kutoka ghorofa ya juu, anaambiwa ni mtumishi fulani, naye hana uwezo wa kumbana bwana mwenye nyumba aseme kweli. Hofu hiyo Nairobi inaijua vizuri.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Anayecheka kule juu ni Bertha Mason, mke wa yule bwana, aliyetolewa Jamaika na kufungiwa, na kitabu kinamsimulia kama mnyama. Ilibidi Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, aandike riwaya nzima mwaka 1966 ili mwanamke huyo apate historia yake. Katika Rebecca ya Daphne du Maurier, ya 1938, Maxim, mwenye jumba, anamkiria mke wake wa pili kwamba alimuua wa kwanza. Mke huyo anapata ahueni kwa sababu sasa anajua mumewe hakumpenda marehemu! Anabaki upande wake na kumsaidia kuficha, na sisi wasomaji tunavutwa tuombe asikamatwe. Wa kuogopwa ameachwa awe Danvers, msimamizi wa watumishi.

Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Msomaji aliyekuwa katika maandamano yale hawezi kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mkorofi, basi yaishe. Hapa nakubaliana kabisa na wapinzani: tukiiga umbo hili lilivyo, tutaiga pia huruma yake kwa mwenye jumba na woga wake kwa mtumishi.

Kuhusu mizimu sina wasiwasi. Wengine wanahofia tutarudi kwenye ushirikina ambao Muhammed Said Abdulla aliupiga vita katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), pale mpelelezi Bwana Msa anapoonyesha kwamba aliyeua ni binadamu. Lakini hata Rebecca haina mzuka. Marehemu anatisha kwa sababu vitu vyake havijaondolewa na jina lake liko midomoni mwa kila mtu.

Basi iandikwe, na asimulie msichana wa kazi, kwa Kiswahili chake cha jikoni na cha getini, akimwogopa anayestahili kuogopwa. Ugumu utakuwa kwenye kumtoa mle ndani. Jane alirithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake wa Madeira, akagawana na binamu zake, na kwa fedha hizo akaweza kurudi kwa bwana yule akiwa mtu huru. Msichana wetu hana ami wa namna hiyo. Mwandishi atakayeanza kazi hii ajue mapema, kabla ya kuliteketeza jumba kwa moto kama walivyofanya Brontë na du Maurier, mlinzi atamfungulia geti kwa sababu gani, mshahara wake wa miezi iliyopita atalipwa na nani, na usiku huo atalala wapi.