Kibaya Chajitembeza

Darubini ya bunduki imetulia juu ya kofia ya adui, kidole gumba changu kiko mbali na kijiti cha pedi ya gemu, nami nimebana pumzi kana kwamba risasi ni ya kweli. Darubini ikaanza kupanda yenyewe. Taratibu, kwa adabu kabisa, kutoka kwenye kofia hadi ukutani, kutoka ukutani hadi mawinguni. Adui akageuka, na yaliyofuata mnayajua. Pedi yenyewe haijamaliza hata mwaka.

Nikawaandikia walioitengeneza. Siwataji, maana jibu walilonipa lingeweza kutoka kwa kampuni yoyote kubwa: puliza vumbi, sasisha programu ya pedi, na tatizo likiendelea, ingia kwenye mipangilio upanue lile eneo la katikati ambalo kijiti kikisogea gemu haihesabu kitu. Yaani pedi inasikia visivyokuwepo, na dawa yake ni kuitia pamba masikioni. Baada ya hapo drifti, yaani huko kijiti kujitembeza chenyewe, haionekani, kweli. Na ule mguso mdogo wa kurekebisha shabaha nao hauonekani tena, ambao ndio sababu ya kuwa na kijiti cha analogi badala ya vitufe vinne.

Ila wanaonimaliza zaidi ni wachezaji wenzangu. Ukilalamika tu, unaulizwa: "Umeifanyia nini?" Kana kwamba nimeipiga ukutani. Nimeichezea, ndugu zangu! Chini ya kijiti kuna potenshomita mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Ndani ya kila moja mna utepe mwembamba wa kaboni na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Ulimi ulipofika ndipo volteji inaposomwa, na volteji hiyo ndiyo gemu inaichukua kuwa mwendo wako. Kila unapokimbia, chuma kinakwangua kaboni. Kaboni inalika, unga wake unabaki humohumo ndani, chemchemi ya kurudisha kijiti nayo inachoka, na inafika siku katikati si katikati tena. Imeharibika kwa kutumiwa, na kutumiwa ndiko ilikonunuliwa.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2021 iFixit, wale wanaofungua vifaa na kufundisha watu kuvitengeneza, waliifungua DualSense, pedi ya PS5, wakakuta moduli ya kijiti kutoka kampuni ya Alps, ya aina waliyokwisha kuiona kwenye pedi za PS4 na Xbox One. Vipimo vya mtengenezaji mwenyewe vinaipa moduli hiyo uhai wa mizunguko 2,000,000. Ni mingi, mpaka uhesabu vidole vya mtu anayecheza gemu ya kivita kama Call of Duty. iFixit walihesabu, na wakapata takriban saa 417. Ukicheza saa mbili kwa siku, hiyo ni kama miezi saba. Si kila pedi hufa siku hiyo, zipo zinazodumu miaka, na mwenye nayo huwa hakosi kuja kutuambia. Lakini aliyechagua kipande hiki alikuwa na karatasi ya vipimo mbele yake. Alijua kinachakaa, alijua kinachakaa kwa kiasi gani, na akakiweka mahali ambapo kidole cha mchezaji hakitoki tangu gemu inapowaka hadi inapozimwa. Mimi huo siuiti ubovu. Ubovu ni ajali. Hili lilipitishwa mezani, watu wakatia saini, wakaenda kula.

Na msiniambie hapakuwa na njia nyingine. Kampuni ya Sega ilitia sumaku kwenye pedi ya konsoli yake ya Dreamcast mwaka 1998. Sumaku iko kwenye kijiti, kihisi kiko kwenye saketi, havigusani popote, na visivyogusana havisuguani. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Leo GuliKit na 8BitDo, kampuni ambazo bibi yako hajawahi kuzisikia, zinauza pedi za vijiti vya sumaku, na baadhi ni za bei rahisi kuliko pedi rasmi za konsoli. Kuna hata kihisi cha aina ya TMR, ambacho ni sumaku vilevile ila kinapunguza umeme unaoliwa. Kwa hiyo wadogo wanaweza, na wenye mabilioni bado wanatafakari.

Nintendo ndio wametafakari kuliko wote. Konsoli yao ya Switch ilitoka 2017, vijiti vya pedi zake, Joy-Con, vikaanza kutembea vyenyewe, na kufikia 2019 wateja wa Marekani walikuwa wameshakwenda mahakamani. Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Januari 2021 BEUC, shirikisho la vyama vya watumiaji wa Ulaya, likawashtaki kwa Tume ya Ulaya likiwa na malalamiko karibu 25,000 mkononi. Miaka yote hiyo, kelele zote hizo, kisha mwaka 2025 ikaja Switch 2. Vijiti vyake ni vya sumaku? Hapana, Nintendo wenyewe walisema. Ila vimesanifiwa upya, ni vikubwa, ni laini. Haya. Tusubiri, mimi nina subira kuliko kaboni.

Sony, wenye PS5, nao walinifurahisha kwa dakika kama tano. Januari 2023 walitoa DualSense Edge, yenye moduli ya kijiti unayoichomoa kwa mkono na kupachika nyingine. Hatimaye! Halafu nikaona bei: karibu mara tatu ya pedi ya kawaida. Moduli ya akiba unainunua kando, na ndani yake mna potenshomita tena. Kwenye pedi ya kawaida moduli hiyo imelehemiwa kwenye saketi kwa pini 14. Ni sawa na kuuziwa gari lenye matairi yaliyochomelewa kwenye ekseli, kisha gari lenye matairi ya kufunguliwa kwa spana likaitwa toleo la kifahari.

Mengine yanayonikera nayapitia juu kwa juu. Mabishano ya teraflopu, yaani konsoli ipi ina nguvu zaidi ya kukokotoa, nimewaachia wenye muda. Nembo ya 8K kwenye boksi la PS5 iliondolewa kimyakimya na hakuna aliyeililia, jambo linaloeleza vya kutosha ilikuwa na kazi gani. Betri ya DualSense ni aibu.

Turudi kwenye vijiti. Nitakubali, shingo upande, kwamba potenshomita si takataka. Ni laini mkononi, haili umeme mwingi, na ikiwa mpya inasoma vizuri sana. Vijiti vya sumaku vinahitaji kusawazishwa kwa makini, na sumaku haiwezi kuiponya chemchemi iliyolegea. Joy-Con 2 zinajibandika kwenye mashine kwa sumaku, kwa hiyo mhandisi anaweza kusimama akasema kihisi cha sumaku hapo ni kujitafutia balaa, nami sitambishia. Sawa, kazi ni ngumu. Bado sijasikia hoja hata moja ya kwa nini kipande kinachojulikana kitachakaa kifungwe mahali ambapo mwenye pedi hawezi kukifikia bila kuyeyusha lehemu.

Kama lazima mbaki na kaboni, bakini nayo. Chapeni idadi ya mizunguko kwenye boksi, palepale mnapochapa GB za diski, kwa herufi ukubwa uleule. Wekeni moduli ya kuchomoka kwenye pedi ya kila mtu. Na mtu akileta pedi yenye drifti, msimuulize ameifanyia nini.

Nawe msomaji, usinisadiki mimi. Fungua gemu inayokuruhusu kupanga eneo lile la katikati, lishushe mpaka sifuri, weka pedi mezani, uondoe mikono. Angalia skrini kwa dakika nzima. Kisha kisukume kijiti kila upande, kiachie kirudi chenyewe, uangalie tena. Kikitulia, vizuri. Tunza risiti.