Tulimpigia Makofi kwa Uovu Wake

Sina ugomvi na Kiingereza cha Waingereza. Ugomvi wangu ni na kile kilichotumika jana katika sherehe ya kumuaga binti, ukumbini Nkuhungu, mbele ya watu ambao hata kukohoa hukohoa kwa Kiswahili. Mshereheshaji alimkaribisha mgeni rasmi kwa kumwita "infamous", akidhani amesema kwamba mzee ni mashuhuri mno. Neno hilo, waungwana, hutumika kwa mtu aliyevuma kwa ubaya, kama vile jambazi au dikteta. Mzee wa watu, aliyehamia Dodoma baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuleta makao makuu hapa, na ambaye amekula vumbi letu miaka yote hiyo bila hata kesi ya kuku, aliinuka, akapunga mkono, nasi tukampigia makofi kwa uovu wake.

Kijana alipoona makofi yamefifia, akatuomba tuwe "noisome". Alitaka kelele, kumbe neno lile halina undugu wowote na kelele: maana yake ni kunuka vibaya. Shangazi wa bibi harusi, aliyefundisha Kiingereza sekondari hadi akastaafu, akaziba pua kwa kitenge. Waliokaa karibu naye wakaamini choo kimefurika, wakaanza kuhamisha viti, na meza yetu ikabaki imetengwa kana kwamba sisi ndio tulioitikia agizo. Na kwa mgao huu wa maji, sikuthubutu kubisha.

Mwenye nyumba wangu naye ameniandikia kwamba yu "disinterested" na visingizio vyangu vya kodi. Alitaka kusema hataki hata kuvisikia, lakini mimi nimefarijika, kwa kuwa maana ya neno hilo ni mtu asiyeegemea upande wowote.

Jamani, lugha yetu imetengewa na UNESCO siku yake, tarehe 7 Julai, dunia nzima, halafu sisi tunatukanana kwa lugha ya kuazima! Hata mhazini, alipoulizwa habari za pilau, alijibu kwamba gharama zimefanya "decimate" ya bajeti. Alitaka kusema zimeiteketeza, kumbe neno hilo limetokana na adhabu ya jeshi la Warumi ya kumuua askari mmoja katika kila kumi. Basi kwa hesabu ya Warumi sufuria lingebaki na sehemu tisa kati ya kumi. Mimi nilipakuliwa kijiko cha wali na mfupa, na ninaomba mhazini anieleze, kwa lugha yoyote aipendayo, sehemu zile tisa zilipanda daladala gani.